Mwiko Uliokuja na Kichwa cha Twiga

Baba Anjela,

Nilianza kuandika "mpendwa", nikalikata. Jina la mtoto wetu linatosha, maana ndilo pekee lililobaki kati yetu. Hapa Goba hatujambo. Anjela hajambo kabisa, anang'aa kama bibi harusi anavyotakiwa kung'aa. Natumaini na wewe huko Mbezi Beach u mzima, na mwenzako pia.

Nakuandikia kwa sababu simu zangu hupokei, na ujumbe mrefu hujawahi kuusoma mpaka mwisho tangu tufahamiane. Labda karatasi utaiheshimu. Jumamosi ni sendofu ya mwanao. Utakaa meza ya mbele, na yeye atashika kipaza sauti awashukuru wazazi wake mbele ya wakwe na majirani. Kuna jambo lazima ulijue kabla hujakaa kwenye kiti kile, nalo linahusu mwiko uliomtumia. Usipolijua utamwaibisha mtoto. Wewe ukiaibika peke yako, mimi sina neno.

Ila siwezi kulieleza bila kurudi nyuma, kwa hiyo vumilia, au ruka mistari kama ulivyozoea.

Unaikumbuka Goba tuliyohamia? Chumba kimoja juu kilimani, mvua ikinyesha watu wanashuka wameshikana mikono kama vipofu. Viwanja vilikuwa vinauzwa kila upande, na kila aliyenunua alianza kwa kuangusha miti. Wewe ulikuwa unapita na baiskeli yako unaomba magogo. Wenye viwanja walikushangaa, wakakupa kwa furaha, wakidhani unawasaidia kuzoa uchafu. Ulirudi jioni na mwembe, na mkorosho, na siku yenye bahati ulirudi na mfenesi. Mfenesi ulikuwa unaupenda mpaka nikawa naona wivu. Ile manjano yake uliitazama kama mtu anayetazama dhahabu, na utomvu wake ulikung'ang'ania vidoleni hadi kwenye chakula.

Kaka zako wote, kule Masasi na hapa mjini, walichonga vinyago vya kuuzia wageni. Wewe ulikataa. Nakumbuka kaka yako mkubwa alipokuja kukushawishi, ukamjibu bila hata kuinua kichwa, "Mie nachonga kitu cha kupikia, braza. Mti ushakuwa mti, wa nini tena kuugeuza simba?" Alikasirika akaondoka hajanywa hata chai. Mimi nilicheka, na usiku ule nilijisifu kimoyomoyo kwamba nimeolewa na mwanaume mwenye msimamo.

Ndiyo, nilikuwa najisifu kwa ajili yako. Soma hapo mara mbili.

Kazi tuligawana bila kukaa kikao. Wewe ulikata umbo kwa tezo, ukachimba tumbo la mwiko kwa kile kisu chako kidogo kilichopinda. Kisha uliifunga miiko mibichi kwenye gunia pamoja na maranda yake, ukaificha uvunguni ikauke polepole, maana mti ukikaushwa kwa pupa unapasuka. Ikishakauka ilikuwa yangu. Nilikwangua kila mmoja kwa kipande cha kioo cha dirisha, nikapiga msasa, nikalowesha kwa maji ili vinyweleo vya mti visimame, nikauacha ukauke, nikapiga msasa tena. Mwisho nikaupaka mafuta ya alizeti yaliyopashwa moto kidogo, yale aliyokuwa ananitumia mama kwenye dumu kwa basi la Singida. Siku za mwanzo ulinisimamia mgongoni. "Taratibu, binti Singida. Huparui samaki hapo." Nikawa nakusikiliza. Baada ya muda hukuwa na haja ya kunisimamia.

Sehemu moja tu hukuniruhusu kugusa: shingo, pale mpini unapokutana na tumbo. Pale uliacha alama za kisu zilivyo, mikato midogo midogo, bila msasa. Ulisema ugali ukishakuwa mzito mkono wenye jasho unatafuta pa kushika, na mwiko laini mwili mzima unateleza. Wanawake walionunua kwetu hawakujua sababu, lakini walirudi. Walisema miiko ya wengine inawachosha. Walikuita fundi mbele yangu, na wewe ukainamisha kichwa kidogo, ukatabasamu. Miaka yote ile hukuwahi kusema, "Na huyu ndiye anayemalizia." Wakati ule sikuona kama ni kitu. Nilikuwa na mume fundi, nilitaka nini tena?

Na Anjela. Alikuwa mdogo, hajaanza shule, siku aliyochungulia gunia uvunguni akaihurumia miiko kwa kukaa gizani. Akaitoa yote, akaipanga juani mmoja mmoja kama watoto wa shule mstarini. Uliporudi ilikuwa imepasuka karibu yote. Mimi nilishachukua fimbo. Wewe ulimkalisha kwenye maranda, ukamshikisha mwiko uliopasuka, ukamwonyesha ufa ulivyopita, ukamweleza kwamba mti unatoa maji yake unapojisikia wenyewe. Alikusikiliza kinywa wazi. Kisha ukamshika dole gumba, ukalipitisha shingoni mwa mwiko. "Hapa ndipo utakaponijua," ukamwambia. "Hata nisipokuwepo."

Hayo ni maneno yako, Baba Anjela. Sijakutungia.

Baadaye ukaanza udalali. Sikulaumu kwa hilo, viwanja vya Goba ulivijua vyote kwa miti yake, hakuna dalali aliyeweza kukushinda. Ukavaa viatu vya kuchongoka. Gunia likakaa uvunguni bila kitu. Mwenzako alikuja kutafuta kiwanja, akaondoka na dalali. Ulipohama ulibeba tezo kwenye kiroba, sijui ya kwenda kufanyia nini huko, lakini kisu kilichopinda ulikisahau kwenye droo ya jikoni, kati ya vijiko. Nimekuwa nakitumia kumenyea ndizi.

Sasa tuje kwenye mwiko.

Kamati ya kicheni pati ilipogawana vyombo, Anjela aliwaambia mwiko wasiguse. Walitaka kumpa seti ya chuma inayong'aa, akakataa. "Mwiko ananichongea baba," akasema, na akakupigia hapo hapo, sauti juu, kina mama wote wamekaa kwenye mkeka wetu wanasikiliza. Nawe ulijibu vizuri sana. "Mwanangu, wa kwako nitachonga kwa mkono wangu mwenyewe. Mwingine asikupe." Kina mama wakapiga vigelegele. Mimi nilikuwa namimina juisi. Nikawaza, labda mtu anaweza kuharibika kwa mke asiharibike kwa mtoto. Niliwaza hivyo kweli, na nikafurahi.

Ulikuwa na muda wa kutosha wa kutafuta mti, kuukata na kuukausha. Anjela alikuuliza mara kwa mara, ukasema upo kwenye gunia.

Siku moja kabla ya kicheni pati, asubuhi, bodaboda akasimama mlangoni. Mtu mzima, ndevu zina mvi, mstaarabu kabisa, ameshika kitu kimefungwa gazeti. Nikamwambia asante, nikaongeza kwamba mwenyewe angeleta tungefurahi zaidi. Akacheka.

"Mzee ana mambo mengi, mama. Kanipigia tu akaniambia nipitie pale kwenye vinyago, nichague mmoja mzuri nilete huku. Na mie ishu za miiko wala sizijui. Nikaona huu una twiga, nikasema bibi harusi atafurahi."

"Umechagua wewe?"

"Mie mwenyewe." Akanitazama usoni. "Vipi, haupendezi?"

Nikamwambia unapendeza. Ningemwambia nini? Kati yenu wawili, yeye ndiye aliyejisumbua kuuangalia.

Kwa kuwa wewe hujauona, nikueleze. Ulikuwa mwekundu wa vanishi, unang'aa kama kiatu cha mwanajeshi. Kwenye ncha ya mpini paliota kichwa cha twiga, pembe na masikio, na shingo ya twiga ina madoa ya kuchomwa kwa moto. Tumbo halina kina, halichoti kitu. Ni mwiko wa kutundika sebuleni kwa mtu anayekula hotelini. Ukiuingiza kwenye ugali wa moto, vanishi ile inabanduka na watu wanaila.

Nilikupigia nikutukane. Hukupokea. Nikawaza kumwita Anjela nimwonyeshe, nimwambie, haya, huyu ndiye baba yako aliyekuwa na mti kwenye gunia. Alikuwa saluni anasukwa. Nilishashika simu. Halafu nikamwona atakavyonisikiliza. Asingelia. Angesema tu, "Sawa mama," kama anavyosema kila unapomwahidi kuja usije, na angeenda kwenye sherehe yake kesho yake na hilo "sawa" limemkaa kooni. Mtoto ameomba kitu kimoja kwa baba yake tangu uondoke. Kimoja.

Kwa hiyo nilichukua msumeno nikamkata twiga wako.

Nilikaa barazani mchana kutwa. Nilivunja kioo cha fremu ya picha, hukuwepo wewe wa kuuliza ni picha gani, nikakwangua vanishi. Ilitoka kama ngozi ya maziwa. Chini yake mti ulikuwa mweupe na mwepesi, sijui wa nini. Nikachukua kisu chako kwenye droo nikachimba tumbo lipate kina. Baba Anjela, mimi sikuwahi kuchimba maishani mwangu, nilikuwa namalizia tu, na mti ule ulikuwa unachanika kila nikigeuza mkono. Nilijikata mara mbili. Nikaloweka, nikakausha, msasa, nikaloweka tena. Ncha alipokuwa twiga niliiviringa. Mwisho nikafika shingoni, mahali ambapo miaka yote hukuniruhusu. Nikaweka mikato yako pale. Mmoja mmoja, ikiegemea kushoto, maana wewe unatumia mkono wa kushoto. Ilinibidi nikamate kisu kwa mkono ambao si wangu ili itoke kama yako.

Nikapaka mafuta ya alizeti. Mama alishafariki, siku hizi nanunua dukani.

Kesho yake ukumbi ulijaa. Mama aliyepewa kazi ya kumfunda aliinua kila chombo, akakisemea, watu wakacheka na kucheza. Alipofika kwenye mwiko akasema, "Huu haukununuliwa. Huu ni wa jasho la baba mzazi." Vigelegele. Anjela akaupokea kwa mikono miwili. Alipitisha dole gumba shingoni, taratibu, akafumba macho. Kisha akasogeza kipaza sauti.

"Huu wa baba," akasema. "Hata nisingeambiwa ningeujua."

Akalia. Vipodozi vyote vikaharibika, wenzake wakakimbilia na tishu, na kina mama watu wazima, walioachwa na wasioachwa, wakalia naye. Jirani yangu akanipiga kiwiko. "Yaani mama Anjela, mwanaume anaweza kuondoka nyumbani na bado akawa baba. Mungu ampe nini?" Nikaenda jikoni nikajifanya natafuta vikombe.

Nilikuchukia pale jikoni kuliko siku uliyobeba kiroba. Siku ile uliniacha mimi tu. Kwenye kicheni pati nilisimama kati ya masufuria, vidole vina plasta, nikawa na wivu na mtu asiyekuwepo. Kazi ni ya mikono yangu, machozi ni yako. Na sina wa kumwambia. Nikimwambia yeyote, mtoto atasikia. Nikimwambia mtoto, nitakuwa nimempokonya kitu nilichomtengenezea mwenyewe. Umenifunga vizuri, na hata hukujua unafunga, kwa sababu hukuwepo na hukuangalia. Ndicho kinachoniuma. Ungenidanganya kwa juhudi ningekuheshimu kidogo.

Basi sikiliza vizuri. Mti ni mwembe. Aliniuliza nikamwambia hivyo, umekatwa huku huku Goba, kwenye kiwanja cha bondeni kinachojengwa ghorofa. Akikuuliza kwa nini ni mfupi, mwambie majiko ya gesi hayataki mpini mrefu. Kuhusu mchaniko mdogo ndani ya tumbo, nilishamwambia macho yako siku hizi si kama zamani, kwa hiyo uje na miwani, hata kama ni ya kuazima. Usiongeze neno. Nakujua, ukipewa kipaza sauti utaanza kupamba, utasema jinsi ulivyokesha ukichonga, utataja mfenesi, na yule mtoto anaijua rangi ya mfenesi. Sema mwembe, kaa chini.

Na hili lingine ni kubwa kuliko hayo. Jana alikuwa anapanga vitu vyake kwenye sanduku, mwiko ameuviringisha kwenye kanga yake mpya, akaniambia akijaliwa mtoto atakuomba umchongee kijiko cha uji. Kidogo, cha mfenesi, chenye shingo yake. "Mama, unafikiri atakubali?" Nikamwambia atakubali. Hicho utakichonga mwenyewe, au utamwambia ukweli mwenyewe, kwa mdomo wako, umemtazama. Mimi sitakukatia twiga mwingine. Nilimalizia kazi zako nikiwa mkeo, nimemalizia na hii nikiwa si mkeo, na nimechoka, Baba Anjela. Nimechoka kukufanya uonekane mtu mbele ya watu.

Jumamosi njoo mapema. Vaa suti, wakwe ni watu wa kuangalia mavazi. Mwenzako asije, hilo ni ombi la Anjela, mimi nafikisha tu. Viti vyetu vimewekwa pamoja, kamati imeona ndivyo inavyopendeza kwenye picha, na mimi sikubisha. Nitakusalimia. Nitacheka pale watakapocheka wengine.

Kisha atasimama. Atakuita baba, atautaja mwiko, sauti itakatika, na ukumbi mzima utageuka kukutazama. Pokea shukrani yake. Inuka kama watu wanavyoinuka, mkumbatie mtoto, futa chozi ukiwa nalo. Lakini wakati anakushukuru, usinitafute kwa macho.

Ni mimi,
Mama Anjela